Kumi na Mbili Nini?

Duluth, Minnesota
9 Oktoba

Sylvi,

Usishtuke kuona bahasha. Nimekuandikia kwenye ukurasa wa mradi, nimekutumia barua pepe tano, nimepiga simu ikaita mpaka ikachoka. Imebaki posta. Stempu nimeazima kwa jirani, na kalamu hii nilipewa bure na fundi wa matairi, maana mtu anayeshinda kwenye kompyuta kama mimi hana hata kalamu inayoandika.

Tarehe 15 Novemba Keke, programu yetu ya kupima barafu, inatimiza mwaka. Unakumbuka tulivyoianza? Wewe Thunder Bay, mimi Duluth, hatujawahi kuonana uso kwa uso hadi leo, tukibishana mtandaoni kuhusu nani mwenye haki ya kusema barafu ya ziwa fulani inabeba mtu na ya ziwa fulani haibebi. Ukasema kila mtu atoboe tundu lake kwa keke, apime unene, aandike namba, wenzake waione. Na programu iwe huria, atakaye aifungue aone ilivyoundwa, na mwenye ujuzi aitengeneze. Mimi nikasema hakuna atakayejiunga. Leo wapo mia nne na kumi na wawili, pande zote mbili za mpaka. Kuna bibi wa miaka themanini na moja kule Ely anayepima kila Jumanne, na akimaliza kupima anatusahihishia tahajia.

Watu wanataka tafakuri ya mwaka kutoka kwetu sisi wawili tunaoshika funguo. Upande wangu nimeuanza ukanishinda, kila sentensi inatoka kama hotuba ya meya. Nahitaji aya moja kutoka kwako, moja tu. Tangu Januari hujasema neno kwenye mradi, na watu wananiuliza mimi kana kwamba nimekuficha chini ya kitanda.

Kitu cha mwisho ulichoacha ni ile tiketi, yaani hoja uliyoifungua ukurasani tarehe 19 Januari. Kichwa chake: "Kumi na mbili nini?" Ndani hakuna kitu. Mimi nilidhani ni kitendawili, nikangoja utege vizuri. Siku sitini zilipopita Mfagizi akaifunga. Unamjua huyo Mfagizi, roboti wa kompyuta niliyemuunda, hana simile. Tiketi isiyozungumziwa anaiandikia chini "imefungwa kwa sababu ya kimya" na kwenda zake.

Halafu kuna ufunguo wako, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Toleo la msimu huu halitoki bila funguo zote mbili, na barafu haitusubiri.

Msalimie mzee wako. Bado anakuita mtoto wa serikali kwa kuwa unapima kwa sentimita na yeye hataki kusikia kitu ila inchi?

Orrin Dahlgaard


Thunder Bay, Ontario
24 Oktoba

Orrin,

Barua yako ilifika tarehe 20. Imekaa mezani siku nne, karibu na chumvi.

Mimi ni mzima. Bado nipo kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, zamu ya asubuhi. Mashuka yanaingia machafu, yanatoka safi. Nikirudi napika, tunakula, tunatazama habari za hali ya hewa. Baba yupo. Siku nyingi anakaa dirishani. Salamu zako nimemfikishia.

Kuhusu mwaka sina la kusema. Usije ukafikiri ni hasira, kwa sababu hasira naikumbuka ilivyo na hii siyo. Wiki iliyopita niliegemea jiko la sauna, mkono ukaungua, nikajua kwa harufu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nimekufa ganzi, na hilo si jambo la kuweka kwenye tafakuri. Watu wanataka kusoma habari za bibi wa Ely.

Andika unavyotaka. Jina langu liweke au liache. Ufunguo upo kwenye bati la biskuti pamoja na vifungo vya marehemu mama, sijaugusa na sijui kama nitaugusa.

Ile tiketi iache ilivyo.

Sylvi Marchuk


Duluth
10 Novemba

Sylvi,

Barua yako ilinifikia kwa siku sita, posta imejitahidi. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kilichotokea. Sikupaona. Basi ikabidi nibuni.

Kwanza nilidhani ni ule ugomvi wetu wa rangi ya ramani. Nakiri, bluu yako ilikuwa bora, na kijani changu kilifanya maziwa yaonekane kama yana ugonjwa. Kisha nikadhani ni ule mkutano wa Minneapolis, pale yule bwana alipopanda jukwaani akanitambulisha kama mwanzilishi wa Keke, nami nikatabasamu badala ya kusema tuko wawili. Kama ni hilo, nisamehe. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima, akili yote ilikuwa kwenye zipu. Yaliyopita si ndwele.

Lakini niseme na langu. Nimechoka, Sylvi. Mwaka huu nimefanya kazi ya watu wawili, naamka na mapendekezo, nalala na malalamiko. Watu wananiambia asiyekuwapo na lake halipo, tumwondoe, tumpe mwingine ufunguo. Mimi nimekutetea. Nimekutetea kwa miezi kumi bila kujua namtetea mtu wa namna gani sasa.

Tafakuri nimeiandika peke yangu. Nakunakilia kipande: "Katika mwaka huu mapendekezo thelathini na nane yamepitishwa, na kati ya hayo thelathini na moja hayakupata hata neno moja la kupinga. Kwa mfano, Desemba tuliafikiana kwamba namba yoyote iliyoandikwa bila kipimo ihesabiwe kuwa inchi, kwa kuwa wengi wetu tuko upande wa Marekani. Hakuna aliyepinga. Jumuiya inayoaminiana haihitaji kelele." Sentensi ya mwisho naipenda. Meya hawezi kuisema.

Sasa nafanya jambo ambalo sikutaka kulifanya. Napendekeza toleo la msimu litoke kwa ufunguo mmoja, huu wangu. Nimeliweka ukurasani leo, na unaijua kanuni tuliyoiandika pamoja: siku saba, asiyesema amekubali. Kwako nimeongeza siku sita za posta, kwa hiyo una hadi tarehe 23. Ukinyamaza nitajua umeridhia. Barafu hushika mwanzoni mwa Desemba, hatutafungua kabla yake.

Natamani ungenitukana tu, nikajua upo.

Orrin


Thunder Bay
21 Novemba

Orrin,

Imefika leo. Barua za kwenda kwako huchukua siku sita. Za kuja huku huchukua kumi na moja. Halafu umehesabu ya kwenda, hukuhesabu ya kurudi. Siku zako saba kwangu zimekuwa mbili, na hii itakufikia zikiwa zimeisha. Wewe ni mtu wa hesabu, sijui nikucheke vipi.

Napinga. Naandika tena ili ionekane: napinga. Tarehe 21 Novemba, saa kumi na moja jioni.

Sababu ni hii.

Lile pendekezo la inchi uliliweka tarehe 23 Desemba. Siku saba zikaisha tarehe 30. Watu wote walikuwa wanakula Krismasi. Mimi nililiona. Nilikuwa nakanda unga wa pulla, ule mkate mtamu wa Kifini, simu iko pembeni, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Nikasoma, nikawaza, hapa kuna kitu, nitaandika jioni. Jioni nikasahau. Kwa hiyo kwenye ile hesabu yako ya wasiopinga, mmoja ni mimi.

Tarehe 16 Januari nilikwenda Ziwa Marlow, pale kijito kinapoingilia, mahali ambapo barafu haiaminiki. Januari ile ilikuwa ya joto, unaikumbuka. Nikatoboa, nikapima kwa fimbo yangu ya sentimita, nikaandika kama ninavyoandika siku zote. Kumi na mbili. Sikutazama programu imeweka nini pembeni ya namba. Sentimita kumi na mbili zinabeba mtu anayetembea kwa tahadhari. Inchi kumi na mbili zinabeba pikapu.

Kesho yake nilikuwa kazini. Baba aliniachia ujumbe wa sauti kwenye simu. Bado ninao, unakaa sekunde tisa. Anasema, "Eh, mtoto wa serikali, naona umerudi kwa watu. Inchi kumi na mbili. Haya, naenda ziwani, kibandani kuvua." Anacheka mwishoni. Alifurahi, Orrin. Alidhani baada ya miaka arobaini ya ubishi nimemkubali na inchi zake.

Niliusikiliza saa ya chai. Wakati huo alikuwa ameshazama.

Jirani alimkuta ameng'ang'ania ukingo wa barafu kwa viwiko. Pikapu ilikuwa imekwenda chini. Mbwa wake, aliyekuwa ndani, hakutoka. Baba alipoteza ncha za vidole viwili na tangu siku ile hajasema neno. Madaktari wamempima, wanasema ulimi mzima, koo zima, kichwa kizima, tungoje. Tunangoja. Anakula, anaoga, anafunga buti zake mwenyewe. Nikimuuliza kitu ananitazama, kisha anatazama dirisha.

Kwenye ile namba palikuwa na jina langu. Alikwenda kwa sababu ya jina langu. Sijamwambia ilikuwaje na yeye hajauliza. Nyie kwenye mradi mnasema asiyesema amekubali. Mimi nakaa na mtu asiyesema, na hakuna siku nimeona amekubali chochote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huu mshindo nakula nao mezani.

Tarehe 19 nilikuwa hospitali, kwenye kiti karibu na kitanda chake. Nikafungua tiketi. Niliweza kichwa tu. Nikasema atakayeuliza nitamjibu. Siku sitini hakuna aliyeuliza, akaja Mfagizi. Nikasema sawa. Barafu ikayeyuka Aprili, nikasema sawa, hakuna atakayezama tena kwa sasa. Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mara nne, nikakata kabla haijaita. Nilikuwa nikifikiria kusema, naona mdomo si wangu.

Leo baada ya kusoma barua yako ilibidi nilitoe bati la biskuti. Nimewasha kompyuta nikaangalia. Kosa bado limo. Simu za zamani zinatuma namba tupu, na Keke inazivisha inchi. Nikaanza kuandika pingamizi ukurasani, nikaona watu mia nne na kumi na wawili watasoma habari za baba yangu huku wanakunywa kahawa, nikafuta. Hii nakuandikia wewe. Umesema hufungui kabla ya Desemba, kwa hiyo itakuwahi.

Hujaniuliza kama nakulaumu. Ningekujibu kama ningejua.

Sylvi


Duluth
28 Novemba

Sylvi,

Barafu ilishika mapema. Tarehe 24 asubuhi watu walikuwa wananipigia kelele nifungue, siku saba na zile sita zilikuwa zimepita, hukuwa umesema kitu. Nikafungua. Barua yako niliikuta jana mchana kwenye sanduku, Keke ikiwa wazi siku tatu.

Niliisomea mlangoni, na koti. Kisha nikaingia nikaifunga Keke. Kisha nikaosha vikombe. Vilikuwa safi. Mke wangu akaniuliza nafanya nini, nikamwambia naosha vikombe.

Katika zile siku tatu walikuwa wameandika watu kumi na mmoja. Sita waliandika namba tupu. Nikachukua simu nikawapigia mmoja mmoja, swali moja tu. Bwana mmoja wa Bemidji aliandika nne. Nikamuuliza, nne nini? Akasema, "Nne nini tena, bwana, inchi, kwani wewe umetoka wapi?" Mwingine wa Kenora aliandika kumi. Kumi nini? Sentimita. Na Keke ilikuwa imemwandikia inchi kumi, na chini yake watu wawili walikuwa wameshasema wanakuja na pikipiki za theluji. Nao nikawapigia. Mmoja alinitukana. Nilimshukuru.

Wa sita alikuwa amejiandikisha siku hiyohiyo, herufi mbili tu, A.H., na namba ya simu ya Ontario. Ziwa Marlow. Tisa. Sikuunganisha, Sylvi. Wewe ni Marchuk, baba yako sijui kama umewahi kunitajia jina lake la ukoo, na mimi wakati huo nilikuwa nasoma orodha tu. Ikapokewa. Nikasema mimi ni Orrin wa Keke, samahani kwa usumbufu, umeandika tisa. Tisa nini?

Nikasikia upepo. Nikadhani laini imekatika, nikauliza tena, tisa nini, mzee?

Akasema, "Sentimita." Sauti kama ya bawaba iliyokaa sana. Halafu akasema, "Binti yangu hupima kwa sentimita."

Hapo nikaelewa naongea na nani. Nikasema la kijinga. Nikamwambia sentimita tisa hazibebi mtu. Akasema, "Ndiyo maana nimeandika." Akakata.

Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza neno. Nilitaka kukupigia saa ileile, nikaona kwamba kama mtu amenyamaza miezi kumi na neno lake la kwanza limeniangukia mimi, mtu wa mbali, si haki nikupigie simu nikuambie kama vile nimeshinda bahati nasibu. Labda nimekosea tena. Siku hizi sina imani na ninachoona.

Tafakuri nimeichana. Ile sentensi ya jumuiya isiyohitaji kelele niliichana peke yake, vipande vidogo. Tiketi yako nimeifungua upya. Mfagizi nimemzima. Nilirudi kwenye lile pendekezo la Desemba, nikalisoma kama mgeni. Mistari minne. Niliiandika nikiwa nimekaa kwenye gari namngoja mke wangu atoke dukani. Niliona ni jambo dogo, nikaona raha watu wasivyobisha.

Kwa hiyo hili ndilo pendekezo langu la mwisho. Keke ifungwe moja kwa moja na kila kitu kifutwe. Nitaandika hadharani kwamba kosa ni langu peke yangu, jina lako halitatajwa, la mzee wako halitatajwa. Sijaliweka ukurasani. Nakupa wewe tu, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye haki nalo. Nimehesabu vizuri safari hii: kumi na moja za kuja, saba zako, sita za kurudi. Tarehe 22 Desemba, posta ya saa sita mchana. Isipokuwepo barua, nafuta.

Usijisumbue kujibu kama huna la kujibu. Nitaelewa.

Orrin


Grand Marais, Minnesota
20 Desemba

Orrin,

Tazama stempu. Niko upande wenu.

Barua yako imefika leo asubuhi. Siku ishirini na mbili. Umehesabu ya kwenda, umehesabu ya kurudi, umesahau Krismasi. Mwaka jana uliisahau na mwaka huu umeisahau. Tukifika mwaka wa tatu nitakutumia kalenda.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kanuni yetu inasema pingamizi liwe la maandishi na lenye tarehe, na nilitaka, kwa mara moja, kanuni hiyo itumike kwa ajili ya kusema. Nikaona ikitoka Thunder Bay haitakuwahi. Nikivuka mpaka nikaiposti huku, itakuwa kwako kesho, ikichelewa sana kesho kutwa asubuhi. Nusu niliandika jikoni, hii nusu naandikia kwenye gari mbele ya posta.

Napinga. 20 Desemba.

Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe wala sijakulaumu, nimetafuta vyote viwili sivioni. Nilipoisoma barua yako kitu kimoja tu kilitokea, mkono ulianza kuniwasha pale nilipoungua. Hiyo ndiyo habari yote niliyo nayo kutoka ndani.

Napinga kwa sababu watu wataendelea kwenda kwenye barafu, Keke ikiwepo au isiwepo. Yule wa Kenora angekwenda. Napinga pia hilo la kosa lako peke yako, maana ukilibeba lote na langu umelibeba, na langu nalitaka. Liandike jina langu. Andika nilikuwa na unga mikononi. La baba nitamuuliza yeye.

Kwenye tafakuri ya mwaka weka ile tiketi mbele ya kila kitu, na jibu lake. Keke isipokee namba mpaka mtu aseme ni nini. Na ile kanuni yetu ya siku saba tuiue. Jambo lipite watu wawili wakishasema ndiyo kwa maneno yao, hata kama itachukua mwezi, hata kama itabidi tumfuate bibi wa Ely nyumbani kwake. Ukikubali nakuja na ufunguo. Ukikubali, sema.

Sasa hili jingine, sijui niliite nini.

Hata baada ya tarehe 27 Novemba hakusema kitu kwangu. Nilikuwa sijui kama amesema na mtu. Siku ile nilirudi kazini nikakuta fimbo yangu ya kupimia mlangoni, imelowa. Nilidhani nimeisahau mwenyewe, nikaifuta nikairudisha stoo. Alikuwa amekaa dirishani na soksi mpya.

Leo nilipomaliza kusoma barua yako nilimtazama. Sikumsomea. Nikamwambia, "Baba, nakwenda Marekani kuposti barua." Akainuka, akafunga buti, akaenda kukaa kwenye gari upande wa abiria, akafunga mkanda. Mwendo ni saa nzima hadi mpakani. Nilimwekea redio, akaizima.

Kwenye kibanda cha mpakani kulikuwa na kijana wa forodha, baridi imempiga, anauliza bila kututazama. Mnakwenda wapi? Grand Marais. Mmebeba nini? Barua. Mtakaa muda gani?

Nikasema, "Kumi."

Akainua macho. "Kumi nini?"

Nikafungua mdomo, Orrin, na ikawa kama kawaida yangu, hakuna kitu. Naona mikono yangu kwenye usukani, naona mvuke wa gari, nalitafuta neno silipati. Kijana akainama kututazama vizuri. Nyuma yetu kulikuwa na lori.

"Dakika," akasema Baba.

Sylvi Harju Marchuk